Sura ya Tano: Kuanguka Bila Kutua

Ukizipanda njia za mawe za Mabatini, jijini Mwanza, mpaka kwenye nyumba za juu, kisha ukageuka kuitazama kata nzima chini yako, utaona madishi kila mahali. Yamefungwa juu ya mapaa, ubavuni mwa kuta, mengine kwenye nguzo zilizochimbiwa uani katikati ya miamba. Yale ya king'amuzi cha Azam yote yameegemea upande mmoja, magharibi. Fundi aliyeyafunga hakubahatisha. Alipolegeza nati na kulisogeza dishi kidogo kidogo, huku mtu aliye ndani akimpigia kelele kila asilimia za mawimbi zinapopanda, alikuwa anatafuta kitu kimoja: setilaiti iliyo juu ya ikweta, kwenye longitudo ya nyuzi 7 Mashariki. Ukishusha mstari wima kutoka kwenye setilaiti hiyo utagonga maji ya Ghuba ya Guinea, karibu kabisa na kisiwa cha São Tomé. Ving'amuzi vingine vya kulipia hutumia setilaiti za nyuzi 36 Mashariki, nazo ziko karibu juu ya Nakuru, nchini Kenya. Kwa mtu wa Mwanza hapo ni karibu utosini.

Umbali wenyewe ni mkubwa, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Lakini kinachonishangaza mimi ni kwamba fundi akishakaza nati, kazi imekwisha. Dishi halihitaji kuifuata setilaiti usiku na mchana. Miaka inapita, mabati yanapata kutu, setilaiti iko palepale.

Nini kinaishikilia? Jibu ninalolisikia mara nyingi, kwa wanafunzi wa sekondari na kwa watu wazima waliosoma, ni kwamba kule juu hakuna mvutano, kwa hiyo kitu kikishafika hakina sababu ya kurudi. Jibu hilo lina sura ya busara, na limekosea kabisa. Kama kule kusingekuwa na mvutano, setilaiti ingeshatokomea. Ingeinyoosha njia yake kwenda mbele na hakuna king'amuzi ambacho kingeipata tena. Iko pale kwa sababu inavutwa. Inaanguka kila sekunde, na imekuwa ikianguka tangu siku iliporushwa.

Tuanze na jiwe, maana Mwanza hatuna upungufu wa mawe. Liachie jiwe kutoka juu ya mwamba mrefu. Katika sekunde ya kwanza litashuka mita 4.9. Mwishoni mwa sekunde hiyo kasi yake ni mita 9.8 kwa sekunde. Mwishoni mwa sekunde ya pili ni 19.6. Ongezeko hilo, mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita, ndilo linaloitwa mchapuko wa mvutano. Halichagui jiwe kubwa wala dogo. Bila upepo kuingilia, kokoto na mwamba vingefika chini pamoja.

Sasa usiliachie, lirushe mlalo kuelekea ziwani. Litakwenda mbali zaidi, lakini katika sekunde ile ya kwanza litashuka mita zilezile 4.9. Kurushwa kwa upande hakukuliondolea mvutano hata chembe. Ukilirusha kwa nguvu zaidi litatua mbali zaidi, na sekunde ya kwanza bado ni mita 4.9.

Kinachofuata kinahitaji tukumbuke kwamba ziwa si bapa. Mtu anayetazama mitumbwi ya tanga ikienda mbali huuona mwili wa mtumbwi ukipotea kwanza na tanga likibaki, kwa kuwa maji yenyewe yamepinda pamoja na dunia. Kipimo cha mpindo huo kinajulikana: ukienda mstari ulionyooka kwa kilomita 7.9, uso wa dunia utakuwa umeshuka chini yako kwa mita 4.9. Hapo ndipo hesabu mbili zinakutana. Jiwe likirushwa mlalo kwa kilomita 7.9 kwa sekunde, litaanguka mita 4.9 katika sekunde moja, na katika sekunde hiyohiyo ardhi nayo itakuwa imeshuka mita 4.9. Jiwe limeanguka, lakini halijasogea karibu na ardhi. Sekunde ya pili ni hivyo hivyo, na ya tatu. Litaendelea kuanguka mpaka lizunguke dunia nzima na kukupiga kisogoni, dakika 84 baadaye.

Isaac Newton ndiye aliyeifikisha hoja hii kwenye karatasi. Mchoro wake wa mlima mrefu wenye mzinga kileleni, ukifyatua risasi zinazotua mbali zaidi na zaidi mpaka moja inakataa kutua, ulichapishwa mwaka 1728, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ilichukua miaka 229 kufika Sputnik ya Oktoba 4, 1957. Kilichochelewa ni roketi. Fizikia ilikuwa tayari.

Kwa kweli jiwe la Mabatini lisingefika popote. Kwa kasi hiyo hewa ingeliunguza kabla halijavuka Capri Point. Ndiyo sababu setilaiti hupandishwa kwanza hadi mahali ambapo hewa imekuwa nyembamba mno, na hapo ndipo watu wengi hudhani kwamba zinapandishwa ili kuukimbia mvutano.

Tuupime basi mvutano wa huko. Kanuni ya Newton ni kwamba mvutano hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, na umbali huo huhesabiwa kutoka kitovu cha dunia, si kutoka uso wake. Watu husahau hilo. Mkazi wa Mabatini tayari yuko kilomita zipatazo 6,380 kutoka kitovuni. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kile ambacho jioni nyingine hupita juu ya Mwanza kama nyota isiyomeremeta, kiko kilomita 400 hivi juu. Ni nyongeza ya asilimia 6 tu. Mchapuko wa mvutano huko ni mita 8.68 kwa sekunde katika kila sekunde. Kama mtu wa kilo 70 angesimama kwenye mizani juu ya mnara wenye kimo hicho, mizani ingesoma kilo 62. Hana wepesi wowote wa kuelea.

Wanaanga wanaelea kwa sababu hawako juu ya mnara. Wao, viti vyao, maji yao na kuta za chombo vyote vinaanguka kwa mchapuko uleule, na hakuna kinachomsukuma mwenzake. Katika sekunde moja kituo hicho huanguka mita 4.34 na hapohapo husonga mbele kilomita 7.67. Meli inayotoka Mwanza jioni hufika Bukoba alfajiri; kwa kasi hiyo safari ingekuwa ya sekunde 23, bila nafasi ya kutandika mkeka.

Hapa kuna neno la kifizikia ambalo lugha ya barabarani hulipotosha. Tunaposema gari limechapuka tunamaanisha limeongeza mwendo. Setilaiti iliyo kwenye duara kamili haiongezi mwendo hata kidogo. Kipimo cha kasi kikifungwa humo kingesoma namba ileile mwaka mzima. Hata hivyo ina mchapuko kila wakati, kwa kuwa kinachobadilika ni mwelekeo. Mvutano unaivuta kuelekea kitovu cha dunia, yenyewe inakwenda mbele, na njia inakunjwa kidogo kidogo mpaka duara linafunga.

Newton aliipima hoja yake kwa setilaiti pekee aliyokuwa nayo, yaani mwezi. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia mara 60 kuliko tulivyo sisi. Kwa hiyo mvutano unaoufikia ni mdogo mara 3,600, na katika sekunde moja unapaswa kuanguka mita 4.9 zikigawanywa kwa 3,600, yaani milimita 1.36. Ukichukua mzunguko wa mwezi wa siku 27 na theluthi moja, ukahesabu ni kiasi gani njia yake inapinda kila sekunde, unapata jibu hilohilo. Jiwe na mwezi vinatii kanuni moja, na sioni hesabu nyingine fupi kama hiyo iliyowahi kuwatikisa watu kiasi kile.

Kutokana na hayo kila kimo kina kasi yake, na mhandisi hana hiari. Kwenye kilomita 400 ni kilomita 7.67 kwa sekunde, mzunguko mmoja kwa dakika 92. Setilaiti za GPS, zinazoiambia simu yako uko mtaa gani, ziko kilomita 20,200 juu. Mchapuko huko umeshuka hadi mita 0.56, kasi ni kilomita 3.9, na mzunguko huchukua karibu saa 12. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyovutwa kidogo, na ndivyo unavyotakiwa kwenda polepole ili usikimbie.

Jambo hili lina kinyume chake, nacho huwachanganya hata wanafunzi wa chuo. Kituo cha Anga hakiko nje kabisa ya hewa. Mabaki membamba ya angahewa hukikwaruza na kukishusha kama kilomita 2 kwa mwezi, ndiyo maana husukumwa juu mara kwa mara kwa injini. Ungetarajia kwamba kitu kinachokwaruzwa na hewa kitapunguza mwendo. Kinaongeza. Kikishuka kutoka kilomita 400 hadi 300, kasi yake inapanda kutoka 7.67 hadi 7.73, kwa kuwa kuanguka kwenyewe kunakipa mwendo mwingi kuliko ule ambao hewa imekinyang'anya. Breki inayokimbiza, hiyo ni hali ya kawaida kule.

Turudi kwa setilaiti ya dishi. Iko mara 6.6 mbali na kitovu kuliko sisi, kwa hiyo inavutwa kwa mchapuko mdogo mara 44: mita 0.224 tu kwa sekunde katika kila sekunde. Huanguka sentimita 11 katika sekunde moja huku ikisonga kilomita 3.07. Kwa kasi hiyo huchukua saa 23, dakika 56 na sekunde 4 kumaliza duara lake, muda uleule ambao dunia huchukua kujizungusha mara moja. Wakati São Tomé inabebwa mashariki na dunia, setilaiti nayo imekwenda mashariki sambamba. Haijasimama. Inakimbia kilomita 11,000 kwa saa, nasi tunazunguka chini yake kwa mwendo unaolingana.

Lakini inakaa pale kwa kugharamiwa. Jua na mwezi huivuta pembeni, na ikiachwa njia yake huinama karibu nyuzi moja kwa mwaka, ikaanza kupanda na kushuka angani hadi dishi lisiipate. Dunia nayo si duara kamili. Imevimba kwenye ikweta, ambako kitovu kiko kilomita 21 mbali zaidi kuliko kwenye ncha, na hata ikweta yenyewe si mviringo safi. Uvimbe huo mdogo unatosha kuisukuma setilaiti taratibu. Iliyo kwenye nyuzi 7 Mashariki, ikiishiwa mafuta bila kuondolewa, itateleza kuelekea mashariki, ipite juu ya Kenya, ivuke Bahari ya Hindi, kisha ibaki ikiyumba huku na huku kwenye nyuzi 75 Mashariki, si mbali na Maldives. Setilaiti zilizokufa hukusanyika huko kama majahazi yaliyokatika nanga. Kwa hiyo waendeshaji huchoma mafuta kidogo kidogo kwa miaka kumi na mitano hivi, na akiba ya mwisho huitumia kuisukuma setilaiti juu zaidi, itoke njiani. Maisha ya setilaiti ya matangazo kwa kawaida huamuliwa na tangi lake.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki iliingia kwenye habari hii mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa la kurushia roketi, San Marco, na jingine la kuongozea, Santa Rita, miguu ya chuma ikiwa imezamishwa kwenye sakafu ya bahari. Kiongozi wa mradi alikuwa Luigi Broglio, profesa kutoka Roma. Mahali palichaguliwa kwa hesabu. Kwenye ikweta dunia yenyewe inakwenda mashariki kwa mita 465 kwa sekunde, na roketi inayoelekezwa mashariki huipata kasi hiyo bure. Ni asilimia 6 ya kasi yote inayotakiwa, na kwa roketi ndogo ya Scout waliyokuwa nayo, asilimia 6 haikuwa ya kuchezea.

Aprili 26, 1967 walirusha San Marco 2. Chombo kilichokuwa ndani yake nakiona kuwa kimoja cha vyombo vya busara zaidi vilivyowahi kurushwa. Setilaiti ilikuwa ganda jepesi la mviringo lililoshikizwa kwa vishikio vya kunesa kwenye kiini kizito. Mvutano huviangusha vyote viwili sawasawa, ganda na kiini, kwa hiyo hauonyeshi chochote kati yao. Hewa hulikwaruza ganda pekee. Ganda likisogea kidogo kuhusiana na kiini, huo ni mchango wa hewa, peke yake, umetenganishwa na mvutano. Hivyo Broglio na wenzake wakapima wembamba wa hewa juu ya ikweta. Shika wazo hilo. Litarudi juu ya Ziwa Victoria.

Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, jukwaa hilohilo lilirusha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ikapewa jina la Uhuru. Wanaastronomia hukumbuka orodha ya nyota na vitu vingine ilivyoviona. Mimi hupenda zaidi njia yake. Mwinamo wake kwa ikweta ulikuwa nyuzi 3 tu, maana yake haikupita kamwe kaskazini ya latitudo 3 wala kusini ya latitudo 3. Ziwa Victoria lote liko ndani ya ukanda huo. Kwa hiyo kila ilipozunguka, kila baada ya saa moja na dakika arobaini na kitu, Uhuru ilipita kwenye anga ya ziwa hili, ikiwa kilomita 500 na ushei juu, mpaka hewa ilipoishusha mwezi Aprili 1979. Watu wa Mwanza walikuwa na setilaiti yenye jina la Kiswahili juu ya vichwa vyao mara kumi na nne kwa siku kwa zaidi ya miaka minane. Urushaji wa mwisho wa Malindi ulikuwa mwaka 1988.

Kufikia hapa nimeuchukulia mvutano kana kwamba ni sawa kila mahali penye kimo kimoja. Si kweli. Mlima mzito huvuta zaidi kuliko bonde. Mwamba mzito huvuta kuliko mchanga. Na maji yana uzito. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Maji yakipanda mita moja, zimeongezeka tani bilioni 68.8. Je, setilaiti inayopita juu inaweza kuhisi nyongeza hiyo? Nimepiga hesabu, nikichukulia maji yote yako sehemu moja chini ya setilaiti iliyo kilomita 500 juu, jambo linalotia chumvi kidogo. Mchapuko unaoongezeka ni mita 0.000000018 kwa sekunde katika kila sekunde, juu ya ule wa kawaida wa 8.43. Ni sehemu moja kati ya milioni 460.

Namba kama hiyo huonekana kama mwisho wa mazungumzo. Lakini setilaiti haina kazi nyingine zaidi ya kuanguka, na hapo ndipo faida ilipo. Hakuna barabara inayoitikisa, hakuna injini inayounguruma. Karibu kila kinachobadilisha namna inavyoanguka kimetoka ama kwenye hewa au kwenye mvutano, na hewa tunajua kuitenga.

Machi 17, 2002 roketi iliondoka Plesetsk, kaskazini mwa Urusi, ikibeba pacha wa mradi wa GRACE, kazi ya pamoja ya Marekani na Ujerumani. Wahandisi waliwaita Tom na Jerry, mmoja akimfukuza mwenzake bila kumkamata. Walizunguka kutoka ncha hadi ncha ya dunia, wakiachana kilomita 220, na hawakupiga picha ya kitu chochote chini yao. Kazi yao kubwa ilikuwa kupima umbali kati yao kwa mawimbi ya redio, kwa usahihi wa mikroni, kipimo kidogo kuliko unene wa unywele mara kadhaa. Fikiria bodaboda mbili zinazofuatana kwenye barabara ya vilima bila kugusa mafuta wala breki: ya mbele ikianza kuteremka inachomoka na pengo linapanuka, ya nyuma ikifika mteremkoni inalifuta, ya mbele ikianza kupanda pengo linabana. Kwa pacha hawa mteremko ni mvutano wa kitu kizito kilicho mbele yao. Wakilikaribia ziwa, wa mbele anavutwa kwanza. Wakishalivuka, huyo wa mbele anavutwa nyuma. Kulivuka lote, kusini hadi kaskazini, huchukua chini ya dakika moja.

Na katikati ya kila mmoja, mahali penye kitovu cha uzito wake, palikuwa na kipande cha chuma kinachoelea ndani ya kisanduku, kisichoguswa na hewa ya nje. Kisanduku kikisogea kuhusiana na kipande, hiyo ni hewa. Ikatwe kwenye hesabu. Wazo ni lilelile la ganda na kiini lililorushwa kutoka Malindi miaka 35 kabla.

Kila mwezi vipimo vilikusanywa vikawa ramani ya mvutano wa dunia, na ramani ya mwezi huu ikitolewa kwenye ya mwezi uliopita, kinachobaki kwa sehemu kubwa ni maji yaliyohama. Bahati iliyoje kwetu kwamba walirushwa mwaka 2002. Miaka iliyofuata Ziwa Victoria lilishuka zaidi ya mita moja, hadi mwaka 2006 likafikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Gati na mialo vikabaki mbali na maji. Lawama zikagawanyika: wengine walisema ni ukame, wengine wakaelekeza kidole Jinja, ambako Nile hutoka ziwani kupitia mabwawa ya umeme, wakidai maji yalifunguliwa kuliko utaratibu uliokubaliwa.

Kipimo cha maji kilichosimikwa Jinja kingeweza kusema ziwa limeshuka kiasi gani, kisiseme kwa nini. Mwaka 2009 Sean Swenson na John Wahr walichapisha uchunguzi uliochukua vipimo vya GRACE pamoja na vya setilaiti za kupima kimo cha maji, wakalinganisha Victoria na maziwa ya Tanganyika na Malawi. Ukame uliyapiga yote. Victoria lilishuka kuliko ambavyo ukame ungeweza kueleza, na mkono wa binadamu kwenye milango ya Jinja ukaonekana. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi ambayo setilaiti hizi zilistahili kurushwa kwa ajili yake, ingawa si iliyowapa umaarufu. Umaarufu waliupata kwa barafu ya Greenland.

Setilaiti za kupima kimo cha maji hufanya kazi kwa njia nyingine, lakini nazo zinategemea mvutano. TOPEX/Poseidon ya mwaka 1992, kisha Jason tatu zilizoifuata, ziliruka kilomita 1,336 juu na kupita njia ileile kila siku 10. Zinatuma pigo la redio chini, zinapima muda wa mwangwi kurudi kutoka kwenye maji, na kupata umbali. Ili umbali huo uwe kimo cha ziwa, lazima ujue setilaiti yenyewe ilikuwa juu kiasi gani wakati huo, kwa sentimita chache, na huwezi kujua hilo bila kujua inavyoanguka. Kosa kwenye ramani ya mvutano hutokea kama kosa kwenye kimo cha Ziwa Victoria.

Nisiwape sifa zisizo zao. Pacha wa GRACE waliona dunia kwa ukungu; kitu chenye upana chini ya kilomita 300 hivi kilichanganyika na jirani zake, na maji ya ziwa yalijumlishwa na yale yaliyo ardhini kuanzia Serengeti hadi Bukoba mpaka mtaalamu ayatenganishe. Mto Mirongo, ambao mvua kubwa ikinyesha huwaingilia watu majumbani Mabatini, kwao haupo. Mwenye nyumba kando ya mto huo ana haja zaidi na mtaro uliozibuliwa.

Kimo cha chini ndicho kilichowapa pacha hao usikivu, maana karibu na dunia alama za mvutano ni kali zaidi, na ndicho kilichowamaliza. Setilaiti ya Ulaya ya GOCE ilithubutu kushuka hadi kilomita 255 na chini zaidi, ikipigana na hewa kwa injini ya umeme, ikadumu kuanzia 2009 mpaka mafuta yalipokwisha mwaka 2013. Tom na Jerry walidumu miaka 15. Mmoja aliungua angani Desemba 24, 2017, mwenzake Machi 10, 2018. Mei 22 mwaka huohuo jozi mpya, GRACE-FO, iliondoka California.

Ilifika kwa wakati. Kuanzia Oktoba 2019 mvua zilizochochewa na joto la magharibi mwa Bahari ya Hindi zililijaza Ziwa Victoria zaidi ya mita moja kwa miezi saba hivi. Aprili 2020 kisiwa kinachoelea, cha udongo na majani kilichong'oka ufukweni, kilikwama kwenye bwawa la Jinja na kuzima umeme karibu Uganda nzima. Mei maji yalipita rekodi ya mwaka 1964. Tani zaidi ya bilioni 70 zilikuwa zimeingia kwenye beseni moja, na pacha wa jozi ya pili, kila walipopita, pengo lao lilipanuka na kubana kwa kiasi kinacholingana na uzito huo. Jozi ya tatu, GRACE-C, imepangwa kurushwa mwaka 2028, kwenye kimo cha kilomita 500 hivi.